Shajara ya mtutu wa mbao: urefu wa risasi, mara kumi

Jumamosi, 17 Mei

Kazi mpya. Mzee ameagiza mtutu wa bastola wa mbao, mara kumi ya ukubwa wake halisi, uliopasuliwa kwa urefu kama muwa ili mtu aone tumboni. Pamoja nao anataka ganda moja, na vichwa vya maumbo mbalimbali vya kuchomeka na kuchomoa. Nusu ya malipo leo, nusu siku ya kukabidhi. Nimekubali kabla sijaelewa ninakubali nini. Ndiyo tabia yangu.

Mzee ni mwanajeshi mstaafu, alikuwa fundi silaha, na siku hizi anafundisha walinzi wa makampuni binafsi. Vijana wake wanatoka Arua, Soroti, Mbarara, Kasese, na kinachowakutanisha ni Kiswahili. Hapa Kampala wako wengi ambao wakisikia Kiswahili bado wanageuka kutazama kama kuna askari nyuma yao. Kwake yeye ni ubao na chaki tu.

Chanzo cha kazi ni picha. Mpwa wake anaishi Ohio, Marekani, na kule kujaza risasi nyumbani ni jambo la kawaida kama sisi tunavyofuga kuku. Mtu anaokota maganda yaliyokwisha kupigwa, anayeyusha madini, anasubu vichwa vyake katika kalibu, anaweka kiwashio kipya na baruti, anachomeka kichwa. Basi huyo mpwa alimtumia Mzee picha ya risasi moja mbele ya bastola mbili, zote za milimita 9. Moja iliipokea, nyingine iliikataa. Mzee akawaonyesha darasa, na kijana mmoja akauliza, "Afande, tisa si ni tisa? Mbona hii inakataa?" Mzee alichora ubaoni mpaka chaki ikaisha, hawakuelewa. Akaja kwangu.

Hapa kwetu kutengeneza silaha au risasi bila leseni ni kosa chini ya Sheria ya Silaha za Moto ya 1970, kwa hiyo tumeelewana mapema: mbao, rangi, gundi, basi. Hata ganda moja la kweli halitaingia karakana hii.

Kabla hajaondoka tulikwama kwenye neno. Kwetu "risasi" ni madini yale mazito ya kijivu, ni kile kipande kinachoruka, na ni kitu kizima pamoja na ganda lake. Mzee akisema "risasi imeingia ndani sana", mimi namwazia mtu aliyepigwa. Tumekubaliana hivi kwa ajili ya kazi: madini, kichwa, ganda, na risasi nzima. Urefu wa risasi nzima ni kuanzia kitako cha ganda hadi ncha ya kichwa. Huo ndio urefu tunaousaka.

Jumanne, 20 Mei

Ndeeba asubuhi, kwa wauza mbao. Mvule umekuwa wa kutafutwa kwa tochi. Muuzaji alinitazama viatu kwanza, ndipo akataja bei. "Ssebo, hiki ni kipande cha mwisho." Nyuma yake viko kumi. Nimechukua mabaki mawili ya mvule kwa ajili ya mtutu, na msonobari kwa ganda na vichwa.

Vipimo vimekuja kwa WhatsApp kutoka kwa mpwa, kavitoa kwenye kitabu chake cha kujazia risasi. Risasi yenyewe ni ile ya Georg Luger, mm 9 kwa 19, ambayo jeshi la Ujerumani liliipokea kwa bastola zake mwaka 1908 na leo iko kila mahali. Ganda lina urefu wa mm 19.15. Risasi nzima isizidi mm 29.69. Kwa mara kumi napata 191.5 na 296.9, vipimo ambavyo hata futi ya shule inavisoma.

Kitu nilichopenda: ganda hili halina ukingo wa kulizuia nyuma kama la rivolva. Linaingia chemba, kile chumba cha nyuma ya mtutu kinachopokea ganda, mpaka mdomo wake ugonge kingo ndogo iliyochongwa ndani. Mimi nimeiita kizingiti. Mbele ya kizingiti kuna nafasi fupi laini, hiyo ni koo, kisha inaanza migongo, ile mistari iliyoinuka inayokizungusha kichwa kikitoka. Kwa hiyo mdomo wa ganda unasimama kizingitini, na kichwa kinachomoza mbele, kinaingia kooni. Kikichomoza kupita kiasi, kinagota migongoni kabla mdomo haujafika kizingiti. Nimelichora hilo mara tatu kwenye kipande cha boksi ndipo likanikaa.

Jumatatu, 26 Mei

Nimekereza ganda na chemba. Stima zilikatika mara mbili, mara ya pili patasi ilikuwa ndani ya mti, ikaacha alama upande wa kitako. Nimeifunika kwa rangi ya shaba. Hakuna atakayeiona isipokuwa mimi, kila siku.

Ijumaa, 30 Mei

Siku ya vichwa, na siku ya aibu.

Mpwa alinitumia vipimo vya kalibu zake mbili. Ya kwanza inatoa kichwa cha duara, mfano wa kidole gumba, urefu mm 15.2. Ya pili inatoa kichwa kilichokatwa bapa mbele, mfano wa ndoo iliyopinduliwa, kifupi zaidi, mm 13.6. Nikavikereza vyote viwili, nikavisugua msasa, nikavipaka kijivu. Nikachomeka cha duara kwenye ganda mpaka risasi nzima ikafika 296.9, nikaiachia ndani ya mtutu. Ikateleza, ikagonga kizingiti: tko. Nilifurahi, nikamwita kijana wangu wa karakana aje kusikia.

Nikachomoa cha duara, nikachomeka bapa, nayo 296.9. Nikaiachia. Ikasimama njiani. Kitako kimebaki nje kwa mm 18.

Nilifanya atakalofanya fundi yeyote wa hapa Katwe, mtaa wetu wa mafundi, aliyezoea milango isiyofungwa. Mlango ukikataa, unasugua fremu. Nikachukua msasa namba 60, nikafunga kwenye kijiti, nikaila ile migongo kidogokidogo mpaka risasi ikaingia. Saa nzima. Nikapiga picha, nikamtumia Mzee.

Akaja mwenyewe jioni, hakupiga simu. Akaingiza kidole kooni, akakizungusha.

"Fundi, hapa palikuwa na nini?"

"Migongo, Mzee. Ilikuwa inazuia."

"Ilikuwa inazuia," akarudia, kisha akacheka mpaka akakohoa. "Ndiyo kazi yenyewe niliyokupa. Nilitaka vijana wangu waone inavyozuia. Wewe umemkata mgonjwa koo ili ameze kidonge."

Nilijitetea kwamba kitabu kimesema 29.69. Ndipo akanieleza kile ambacho nilipaswa kukiuliza siku ya kwanza. 29.69 ni dari. Ni ahadi kati ya watengeneza risasi na watengeneza bastola kwamba hakuna atakayepita hapo. Haisemi kwamba kila kichwa kikae hapo. Kichwa cha duara kinaanza kupungua unene mapema, ncha yake ndefu inapita katikati ya mtutu bila kugusa kitu. Kichwa bapa kinabaki mnene mpaka karibu na mwisho. Ukivisimamisha viwili kwa urefu mmoja, ncha ziko sawa lakini mabega, pale unene unapoanza kupungua, hayako sawa, na kinachogota migongoni ni bega. Kalipa, kile chombo cha kupimia urefu, inapima ncha.

Nimelala nikiliwaza hilo bega.

Jumanne, 3 Juni

Sikukuu ya Mashahidi. Nusu ya mji uko Namugongo, mahali walipouawa, Katwe imenyamaza kiasi kwamba nilisikia redio ya jirani wa nyumba ya tatu. Siku nzuri ya kurekebisha makosa ya Ijumaa.

Badala ya kutupa mtutu, nimekata sehemu yote ya koo na kuacha pango la duara. Humo zinaingia pete za mbao, kila pete na koo lake. Nimechonga mbili: moja ya koo refu, nyingine ya koo fupi. Sasa mtutu mmoja ni bastola mbili, kama zile za kwenye picha ya mpwa. Sikubuni hili kwa akili, nililazimika. Mzee nimemwambia nilibuni.

Mpwa aliniambia kwa sauti ya WhatsApp jinsi anavyochagua urefu kila anapopata kalibu mpya. Nimesikiliza mara nne. Anatoa mtutu kwenye bastola, anausafisha. Anatengeneza risasi moja ya bandia, ganda na kichwa tu, bila kiwashio wala baruti, kichwa akikiacha kirefu makusudi. Anaushika mtutu mdomo wake ukitazama chini, anaidondosha ndani. Haiingii yote. Anakisukuma kichwa ndani ya ganda kidogo, anajaribu tena, kidogo, tena, mpaka isikike tko na kitako kikae usawa wa mwisho wa chemba. Kisha anaizungusha kwa ncha ya kidole. Ikizunguka bila kukwaruza, na mtutu ukigeuzwa ikaanguka yenyewe kwa uzito wake, koo limekubali. Ikizunguka kwa uzito, bega linalamba migongo. Akishapata pale inapogusa, anarudi nyuma tena kati ya robo na nusu milimita, kwa sababu vichwa vya kusubu havitoki mapacha. Kimoja kina nta ya kulainishia iliyoganda mbele, kingine kalibu ilikuwa baridi.

Nimefanya hivyo hivyo kwa mbao. Kwa koo refu, kichwa bapa kinagusa kwenye mm 278.9, yaani zile 296.9 ukitoa 18 za Ijumaa. Nikarudi nyuma, nikasimama 274. Katika ukubwa wa kweli ni mm 27.4. Kwa koo fupi nililazimika kwenda mpaka 267. Kichwa kile kile, ganda lile lile, kitabu kile kile. Kumbe zile bastola mbili zilikuwa zinabishana kwa unene wa kadi ya simu.

Bastola za CZ 75 zinajulikana miongoni mwa wajazaji kwa koo fupi. Si kasoro, ndivyo zilivyochongwa. Mwenye nayo akiiga urefu wa jirani yake mwenye bastola nyingine, atakwama.

Na koo nalo haliko peke yake. Magazini, ile boksi inayobeba risasi ndani ya bastola, nayo ina urefu wake, risasi ndefu kuliko boksi haipandi. Kitabu, magazini, koo: mwenye namba ndogo ndiye anayesikilizwa.

Ijumaa, 6 Juni

Sabuni.

Mzee aliniuliza nitaonyeshaje ulaini wa madini. Kichwa cha kiwandani kimevishwa shaba na kina kipenyo cha mm 9.02 hivi. Cha kusubu huachwa kinene kidogo zaidi, 9.04 au zaidi ya hapo, ili kijaze mifereji ya mtutu, ile iliyo kati ya migongo. Ukizidisha mara kumi tofauti ni mm 0.2 hivi, unene wa karatasi mbili. Haionekani kwa macho, na msonobari hauchubuki.

Nimenunua mche wa sabuni ya bluu ya kufulia, nikachonga kichwa kwa kisu. Nikakisukuma ndani ya ganda lenye mdomo mkali. Mdomo ukamenya sabuni kama unavyomenya ndizi ya matoke, ikajikunja pete ya bluu kuzunguka mdomo wote. Kisha nikaidondosha mtutuni. Haikufika kizingiti, ile pete imekaa katikati. Mimi mwenyewe, ningekuwa sijui, ningesema risasi ni ndefu na kukisukuma kichwa ndani zaidi, na isingesaidia hata kidogo.

Kwa hiyo kabla ya kuchomeka, mjazaji huupanua mdomo wa ganda kidogo, kama mdomo wa tarumbeta, na baada ya kuchomeka huurudisha unyooke. Unyooke tu, usibanwe kwa kukunjwa ndani, kwa kuwa ni mdomo huo huo unaosimama kizingitini. Nimekereza pete nyembamba ya bati kuonyesha mdomo uliopanuliwa. Sabuni iliyobaki mke wangu ameichukua, haikupotea.

Jumatatu, 9 Juni

Siku ya Mashujaa, karakana imefunguliwa nusu mlango.

Upande wa pili wa suala ndio ulionisumbua zaidi. Kama kichwa kirefu kinakwama, si mtu asukume ndani mpaka mwisho alale salama? Hivyo ndivyo nilivyomwambia Mzee, naye akanitazama kama mtoto aliyeuliza kwa nini asilale jikoni kwenye joto.

Ndani ya ganda kuna chumba cha baruti. Kichwa kikishuka, dari ya chumba inashuka nacho. Baruti ni ile ile, nafasi imepungua, na mgandamizo unapanda haraka kuliko unavyodhani. Ganda la tisa ni dogo na linafanya kazi kwenye mgandamizo mkubwa: kiwango cha juu cha Marekani ni pauni 35,000 kwa inchi ya mraba, wakati risasi ya .45 ya bastola ya Colt 1911 ina 21,000 na ile ya rivolva, .38 Special, ina 17,000 tu. Kwenye ganda kubwa kama la .38 kosa dogo lina mahali pa kujificha. Kwenye tisa hamna.

Nimetoboa ganda langu shimo la kina cha mm 150 na kulipasua dirisha pembeni, nikaliziba kwa plastiki ya chupa ya maji. Nikamimina mtama. Kichwa cha duara kwenye 296.9 kinaingia mm 46.6, kinabakiza chumba cha 103.4. Nikakisukuma mpaka risasi nzima ikawa 274. Mtama ukapanda, ukabanwa, punje za juu zikaanza kupasuka kwa sauti ndogo kama mtu anayekanyaga majani makavu. Chumba kimebaki 80.5. Zaidi ya sehemu moja ya tano imetoweka kwa kusukuma kidole kimoja.

Lakini hapa ndipo pana utamu wa kazi hii, na nilikaa nao mpaka chai ikapoa. 274 ni urefu ule ule uliokuwa sahihi kwa kichwa bapa! Nikapiga hesabu: kina kilichoingia ni urefu wa ganda kujumlisha urefu wa kichwa, kutoa urefu wa risasi nzima. Kichwa bapa kwenye mm 27.4: 19.15 na 13.6, toa 27.4, kina kimeingia 5.35. Kichwa cha duara kwenye mm 29: 19.15 na 15.2, toa 29, kimeingia 5.35. Sawasawa! Risasi moja ni fupi kuliko nyenzake kwa mm 1.6, na vyumba vyake vina ukubwa mmoja. Chukua hiyo 27.4 uipe kichwa cha duara kwa kudhani urefu ni urefu, umekisukuma mpaka 6.95 bila kujua.

Na 26.7 ya koo fupi, kichwa bapa kinaingia 6.05. Nimemuuliza mpwa, hapo anafanyaje? Akasema kila anapokishusha kichwa kuliko kitabu kilivyopima, anarudi kwenye kiwango cha chini kabisa cha baruti cha kitabu na kuanza kupanda upya, au anatafuta kalibu nyingine. Hiyo ya pili ndiyo aliyofanya, amenunua kalibu yenye ncha inayopungua mapema.

Akaongeza jambo dogo. Risasi ikipanda kutoka magazini inagonga mteremko wa kuingilia chemba, na kichwa kisichoshikwa vizuri kinarudi ndani kwa pigo hilo. Anapima risasi ya bandia, anaipandisha na kuitoa mara kadhaa, anapima tena. Ikipungua, hajali tena ilikuwa na urefu gani mwanzoni.

Alhamisi, 12 Juni

Nimekabidhi. Boda alikataa kubeba mtutu, alisema polisi wa barabarani watamsimamisha. Kitu cha mbao, urefu wa mguu, kimepakwa vanishi ya kahawia! Nikaufunga kwenye gunia la mkaa, akakubali.

Mzee aliniruhusu nikae nyuma ya darasa. Hakueleza kitu. Aliweka mtutu mezani, pete ya koo fupi ndani, akampa yule kijana wa "tisa si ni tisa" risasi ya kichwa bapa kwenye 274. Kijana akaidondosha. Ikasimama. Akaisukuma kwa kiganja.

"Usisukume," Mzee akasema. "Isikilize."

Akaichomoa, akachungulia kupitia upande uliopasuliwa, akaona bega limeegemea mgongo wa kwanza. Akauliza kama anaruhusiwa kubadilisha pete. Akaweka ya koo refu, akadondosha. Tko. Darasa zima wakasema "ee". Halafu binti mmoja wa Arua, aliyekuwa hajasema neno, akasimama na kuizungusha kwa kidole. Ilizunguka mara moja na nusu.

Mabaki ya kazi. Pete ya koo fupi imevimba kwa unyevu, iondolewe kwa nyundo ya mpira na kusuguliwa upande wa nje tu, wa nje! Mtama ubadilishwe, umeanza kuingia wadudu. Mzee anataka rivolva ya .38 kwa muhula ujao: pale ganda lina ukingo, kichwa cha kusubu huwa na mfereji wake ambamo mdomo wa ganda unakunjwa, kwa hiyo mfereji ndio unaoamua urefu, na dari ni mm 39.37. Silinda ya matundu sita, mara kumi. Sina mti wa upana huo. Nusu ya pili ya malipo imeingia, pungufu ya elfu kumi. Mzee anasema ni ya msasa namba 60.